Mshale Uliolala: Kubadilisha Spidomita ya Gari Ukiwa Nyumbani

Barabara ya kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay ina urefu wa takriban kilomita 66, na tangu iwekwe lami imekuwa nzuri na ya hatari kwa pamoja. Unaondoka kwenye milima ya Umatengo, ambako vilele hukaribia mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, unateremka kona baada ya kona mpaka Ziwa Nyasa, kwenye mita 475 hivi. Zamani makorongo, mawe na matope ndivyo vilivyompunguzia dereva mwendo. Siku hizi hakuna cha kumpunguzia ila mguu wake mwenyewe. Kwenye mteremko wa lami gari hujiongezea kasi bila injini kunguruma, na sikio lililozoea barabara ya vumbi hudanganyika haraka: dereva anadhani yuko 50, kumbe amefika 80. Kwa hiyo gari ambalo mshale wake wa spidi umelala kwenye sifuri halifai kuteremshwa ziwani, hata kama breki zake ni nzima na matairi ni mapya.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi, na 80 kwa mabasi na magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500. Trafiki mwenye tochi hatakuuliza kama spidomita yako ni nzima. Ipo na hasara nyingine ambayo wengi hawaihesabu: spidomita ikifa, mara nyingi hesabu ya kilomita hufa nayo. Hujui tena mafuta ya injini yametembea kiasi gani, hujui Canter inayobeba kahawa kutoka Maguu inakunywa dizeli kiasi gani kwa safari, wala hujui mkanda wa taimingi umebakiza muda gani. Mwenye gari la biashara anabaki kukisia, na makisio ya namna hiyo huishia kwenye injini iliyokufa msimu wa mavuno ukiwa umepamba moto.

Kazi yenyewe inawezekana kufanyika uani kwako kwa nusu siku. Vifaa ni vya kawaida: bisibisi ya nyota fupi na ndefu, bisibisi bapa, spana namba 10, plaizi, tochi ya kuvaa kichwani, vitambaa safi, grisi kidogo na simu yenye kamera. Ukiwa na maltimita ni bora zaidi. Kinachohitajika kuliko vifaa ni subira, hasa mwanzoni, wakati ambapo hamu ya kukimbilia dukani ni kubwa.

Tafuta ugonjwa kabla ya kununua dawa

Watu wengi hununua spidomita nzima ilhali kilichokufa ni kebo au kijigia cha plastiki cha bei ndogo. Nimeliona hili mara nyingi mno, na linauma zaidi pale spea inapolazimika kuagizwa Songea, Mbeya au Gerezani, Kariakoo, na kuja kwa basi. Kwa hiyo anza kwa kujua gari lako ni la aina gani.

Magari ya zamani, kama Land Cruiser za miaka ya 1980 na 1990, Hilux za kizazi hicho, Land Rover na Canter za awali, yanatumia kebo. Kwenye giaboksi, au kwenye kisanduku cha gia za four-wheel, kuna kijigia cha plastiki kinachozungushwa na shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu. Kijigia hicho huzungusha waya wa chuma uliomo ndani ya mpira mrefu, na waya huo hupanda mpaka nyuma ya dashibodi. Huko juu unazungusha sumaku ndogo iliyomo ndani ya kikombe chepesi cha aluminiamu. Sumaku na kikombe havigusani kabisa. Sumaku inapozunguka huamsha umeme mdogo ndani ya aluminiamu, umeme huo huvuta kikombe kifuate mzunguko, na springi nyembamba kama unywele hukizuia kisizunguke chote. Mshale umefungwa kwenye kikombe hicho. Mjerumani Otto Schulze wa Strasbourg ndiye aliyeipatia hataza mbinu hii mwaka 1902, na mpaka leo inafanya kazi ndani ya maelfu ya magari yanayopanda milima ya Ruvuma.

Ukishaelewa njia hiyo, dalili zinasomeka zenyewe. Mshale ukitikisika huku na huku kwenye mwendo mdogo, kebo imekauka grisi au imekunjwa mahali fulani. Ukisikia mlio mkali wa kukwaruza nyuma ya dashibodi, hasa asubuhi zile za baridi ya Mbinga mwezi Juni na Julai, ni ukavu huohuo. Mshale ukifa pamoja na hesabu ya kilomita, kebo imekatika au meno ya kijigia yamelika. Kilomita zikiendelea kuhesabu huku mshale umelala, hapo kweli ugonjwa uko ndani ya spidomita. Na mshale ukifanya kazi lakini namba za kilomita zimeganda, vijigia vidogo vya plastiki vinavyozungusha namba hizo vimepasuka, jambo la kawaida kwa vyombo vilivyozeeka.

Thibitisha kwa jaribio lisilohitaji kuinua gari. Chomoa kebo nyuma ya spidomita (njia ya kuifikia naieleza mbele), weka gia huru, kisha vijana wawili walisukume gari taratibu kwenye uwanja tambarare huku wewe uko kwenye usukani tayari kukanyaga breki na mwenzako anatazama ncha ya waya. Gari likitembea, waya lazima uzunguke. Ukizunguka, kebo na kijigia ni vizima, na mgonjwa ni spidomita. Usipozunguka, acha dashibodi, shuka chini kwenye giaboksi. Jaribio hili lifanyike tambarare tu. Pale Mbinga mjini viwanja vingi vina mwinamo ambao jicho halioni lakini gari linaona, na injini ikiwa imezimwa breki huwa nzito.

Magari ya miaka ya karibuni, Noah, IST, Probox zile zinazoitwa michomoko na mengine ya aina hiyo, hayana kebo. Yana sensa kwenye giaboksi inayotuma mapigo ya umeme, au kompyuta ya ABS husoma kasi ya magurudumu na kuipeleka kwenye dashibodi. Hapa dalili ni nyingine. Vyombo vyote vya dashibodi vikizima kwa pamoja, angalia fyuzi kwanza, kisha plagi ya nyuma, kisha waya wa bodi. Taa ya ABS ikiwaka siku ileile mshale ulipolala, shuku sensa za magurudumu kabla ya kitu kingine. Barabara ya Litembo ina mawe na matope ya kutosha kukata nyaya zake. Gari la otomatiki likianza kubadilisha gia kwa kishindo na taa ya O/D ikamweka, sensa ya giaboksi ndiyo inayolia. Kompyuta ya uchunguzi ya fundi ikionyesha P0500, maana yake ni ileile: taarifa ya mwendo haifiki. Katika hali zote hizo spidomita mpya haitakusaidia chochote.

Mshale unaokufa na kufufuka gari linaporuka bonde ni habari tofauti. Mara nyingi viungo vya risasi nyuma ya bodi vimepata nyufa, au plagi imelegea. Unyevu wa mwambao wa Liuli na Lituhi nao hufanya kazi yake: vichwa vya shaba hupata ukoko wa kijani na umeme unapita kwa shida. Kifutio cha penseli kikipitishwa polepole juu ya vichwa hivyo kinaweza kukuokolea pesa nyingi.

Kununua inayofanana

Ukishahakikisha kwamba spidomita yenyewe ndiyo mbovu, chukua simu upige picha mbele na nyuma ya dashibodi yako, pamoja na kibandiko chenye namba. Kwa Toyota, namba ya dashibodi nzima huanza na 83800, na ya kebo huanza na 83710. Mwenye duka akikuambia "hii inaingia tu", mwombe akuonyeshe namba. Kuingia kwenye tundu si kufanya kazi.

Mambo ya kulinganisha ni haya: idadi na umbo la plagi za nyuma, gari la gia za mkono au otomatiki, petroli au dizeli, na kipimo kilichoandikwa kwenye uso. Land Rover iliyotoka Uingereza huweza kusoma maili, na maili moja ni kilomita 1.609, kwa hiyo dereva aliyezoea kilomita akiona 50 atakuwa kwenye 80. Kwa vyombo vya kebo vya Kijapani, tazama uso wa spidomita uone kama kuna namba 637. Hiyo ni idadi ya mizunguko ya kebo kwa kila kilomita moja. Ukifunga spidomita iliyotengenezwa kwa mizunguko 1,000 kwenye gari linalotoa 637, mshale utaonyesha chini ya theluthi mbili ya mwendo halisi, na utateremka kwenda ziwani ukiamini uko salama.

Spea ya mtumba ni halali kabisa, na kwa magari ya zamani ndiyo pekee inayopatikana. Ijaribu hapohapo dukani kama ni ya kebo: zungusha tundu la nyuma kwa vidole ukitumia bisibisi ndogo. Mshale utikisike na kurudi sifuri wenyewe bila kukwama. Ukikwama katikati, iache.

Kufungua dashibodi

Egesha tambarare, vuta hendibreki, weka mawe mbele na nyuma ya tairi. Zima swichi, toa ufunguo, kisha legeza na uondoe waya wa hasi wa betri kwa spana namba 10. Gari likiwa na eabegi, subiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote karibu na usukani; umeme uliohifadhiwa ndani yake unahitaji muda huo kuisha. Plagi za rangi ya njano usizichomoe wala usizipime kwa maltimita. Hili silisemi kwa kutishia. Eabegi hulipuka kwa nguvu ya kuvunja mkono.

Shusha usukani mpaka chini kama unashuka, na utandaze kitambaa juu ya kava lake ili kioo kisikwaruzike. Fremu inayozunguka vyombo imeshikwa na skrubu mbili juu, zinazotazama chini, na klipu za plastiki pembeni. Zungushia kitambaa ncha ya bisibisi bapa ndipo ubenue klipu, ukianzia kona moja. Plastiki ya gari lililokaa juani miaka 20 huvunjika ukiiharakisha, na asubuhi ya baridi huvunjika zaidi. Ngoja jua lipande. Fremu ikitoka utaona skrubu tatu au nne zinazoshika kisanduku cha vyombo. Kila skrubu unayotoa iweke kwenye kikombe, na uipige picha ilipotoka, kwa sababu huwa hazilingani urefu.

Vuta kisanduku kuelekea kwako kwa upole. Kwenye gari la kebo kitagoma, kwa kuwa kebo imekishika kwa nyuma. Ingiza mkono, papasa ulimi mdogo wa plastiki kwenye shingo ya kebo, ubonyeze huku ukivuta. Mkono usipofika, nenda chini ya gari ufungue nati ya kebo kwenye giaboksi, halafu mtu aisukume kutoka chumba cha injini iingie ndani kidogo. Utapata nafasi. Watu wengi hukosa kujua hili, wanavuta kwa nguvu na kuvunja shingo ya kebo iliyokuwa nzima.

Kila plagi ina kifungo chake cha kubonyeza. Vuta plagi, usivute nyaya. Kisanduku kikitoka, kibebe kikiwa kimesimama, kwa sababu baadhi ya mishale hutulizwa na mafuta mazito ambayo humwagika ukikilaza kifudifudi. Nyuma ya vyombo vya zamani utaona karatasi ya plastiki nyembamba yenye njia za shaba. Usiikunje. Njia moja ikikatika, geji ya mafuta au taa ya oili itakufa, na utakuwa umetoka na tatizo moja ukarudi na mawili.

Mara nyingi spidomita yenyewe inaweza kutolewa peke yake ndani ya kisanduku kwa skrubu chache, na mimi napendelea hivyo kuliko kubadilisha kisanduku kizima, maana geji nyingine zako unazijua tabia. Usiguse mshale kwa kidole wala kuuzungusha ufike sifuri. Springi ile ni nyepesi na ikipinda hairudi. Futa vumbi kwa brashi laini iliyokauka. Vumbi jekundu la Umatengo ni laini, hupenya kila mahali, na likikutana na grisi hugeuka kuwa msasa.

Kebo yenyewe

Hata kama kebo ni nzima, wakati umefungua ndio wakati wa kuihudumia. Chomoa waya wa ndani, ufute kwa kitambaa chenye dizeli kidogo, ukaushe, kisha uuviringishe polepole juu ya meza. Waya ulionyooka huviringika kimya. Wenye kikunjo hurukaruka, na huo ndio uliokuwa unautikisa mshale. Ubadilishe. Ukiwa mzima, upake grisi nyembamba kuanzia upande wa giaboksi, ukomee sentimita 15 hivi kabla ya ncha ya juu. Grisi hupanda kadiri waya unavyozunguka, na ikiingia kwenye kikombe na sumaku itavigandisha pamoja.

Unaporudisha, kebo ipite njia yake ya zamani bila kona kali na mbali na bomba la ekzosi. Kisha rudisha kila kitu kwa mpangilio wa kinyume, ukitazama picha zako. Kabla ya kufunga skrubu za mwisho, rudisha waya wa betri, washa swichi na uhakikishe taa zote za onyo zinawaka na kuzima inavyostahili: oili, chaji, hendibreki, eabegi.

Kilomita ni ushahidi

Kabla hujatoa spidomita ya zamani, piga picha ya namba yake ya kilomita. Ya mtumba itakuja na namba ya gari jingine, pengine ndogo, pengine kubwa. Andika kwenye daftari la gari tarehe, namba ya zamani, namba mpya na tofauti yake, na ubandike karatasi ndogo yenye maelezo hayo ndani ya mlango wa dereva. Siku utakapouza gari, mwonyeshe mnunuzi daftari hilo. Kurudisha kilomita nyuma ili gari lionekane limetembea kidogo ni wizi kama wizi mwingine, na mwathirika wake mara nyingi ni mkulima aliyekusanya mauzo ya kahawa ya misimu kadhaa ili anunue gari lake la kwanza. Kwa vyombo vya kidijitali namba imehifadhiwa ndani ya chipu. Kuihamishia kwenye dashibodi nyingine ni kazi ya fundi umeme mwenye vifaa, na ifanyike kwa kuweka namba ya kweli ya gari lako, si nyingine.

Kupima ukweli wa mshale

Usiliamini jicho la kwanza. Chukua mtu akae pembeni na simu yenye programu ya GPS inayoonyesha mwendo, mtafute kipande cha lami kilichonyooka na kisicho na watu. Dereva atazame barabara, mwenzake ndiye asome namba. Simu ikikosa mtandao wa data, GPS bado hufanya kazi kwa sababu inasikiliza setilaiti. Bila simu, tumia nguzo za kilomita zilizoko kando ya barabara kuu na saa ya mkononi: mshale ukiwa kwenye 60 bila kubadilika, kilomita moja ichukue sekunde 60; kwenye 50, sekunde 72; kwenye 80, sekunde 45.

Spidomita nzima huzidisha kidogo. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa kuhusu magari inaruhusu kuzidisha kwa asilimia 10 pamoja na kilomita 4, lakini haikubali hata kidogo mshale uonyeshe chini ya mwendo halisi. Ukikuta wako unapunguza, angalia matairi kabla ya kuilaumu spea. Wenye IST wengi huku kwetu hufunga matairi makubwa ili gari liinuke juu ya mawe. Ukitoka 175/65 R14 ukaweka 185/70 R14, tairi linakuwa kubwa kwa zaidi ya asilimia 5, na mshale ukisema 80 wewe uko kwenye 84. Hilo si kosa la chombo. Ama urudishe saizi ya kiwanda, ama ujizoeze kukaa chini ya namba unayoiona.

Gari likiwa la kidijitali na umeshabadilisha dashibodi bila mafanikio, ishia hapo, mpe fundi umeme wa magari kazi hiyo pamoja na maelezo ya yote uliyokwisha kuyajaribu. Utamwokolea saa nyingi, na wewe utalipa kidogo.

Kwa gari la kebo, baada ya wiki moja ya kutembea ingia tena chini uangalie pale kebo inapofungwa kwenye giaboksi. Ukikuta unyevu wa mafuta, badilisha sili ya kijigia mara moja. Ni kipande kidogo cha mpira cha bei nafuu, lakini kikiachwa, mafuta ya gia yatapanda ndani ya kebo mpaka kwenye spidomita uliyoifunga juzi na kuiua.